Siku Nilimupigia Mama-Mukwe Makelele

Tulikuwa tunatoka Bihambwe tukishuka ku hopitali ya Masisi. Bibi yangu alilala nyuma na uchungu wa kuzaa, mama yake amemukamata mabega. Mu kona ya kwanza nikakanyaga freni. Pedale ikaenda mpaka chini, laini kama muguu umeingia mu bugali ya moto. Nikapompa, ikapanda kidogo, ikashuka tena. Yezu wangu! Nikarudisha vitesi, ile gia, ku ya kwanza, nikaegemeza motokari mu ukingo wa udongo mpaka ikasimama. Nikashuka na hasira.

Nikafungua kopo ya mafuta ya freni. Povu! Mekanisie wangu, fundi wa motokari, alikuwa ameongezea maji ya sabuni, vile wengine wanafanya mafuta ikikosa. Nilimutukana yeye na babu yake. Tena mupira mumoja wa nyuma ulilowa kwa ndani: tiyo ya kupitisha mafuta ilipasuka. Nikaikunja, nikaiponda na nyundo mpaka ikaziba. Hiyo ibaki bila freni, tatu zitatosha. Nikamwaga povu, nikatia mafuta ya kweli yenye nilichunga mu motokari.

Ikabaki kutosha hewa, kuitoa mu tiyo, na hiyo kazi inaomba watu wawili: mumoja anakanyaga pedale, mwingine iko chini anafungua na kufunga kavisi, ile sukurubu ndogo ya ku gurudumu. Mutu wa pili ni nani? Mama-mukwe. Kwetu mutu hatumi mama-mukwe, hamutazami mu macho, hamupandishii sauti. Tangu nioe, hata salamu ya asubuhi ilipitia bibi yangu.

Tukaanza vilevile, mama mbele ku pedale, bibi yangu nyuma. Mie chini: "Umwambie mama akanyage." Bibi yangu: "Mama, anasema ukanyage." Wapi! Mpaka neno lifike, hewa imesharudi. Tukarudilia. Tukarudilia tena. Halafu uchungu ukakata sauti ya bibi yangu, akalia kilio sijawahi kusikia. "Inakuja!"

Maji ilishafika shingo. Nikapasua sauti: "Mama, kanyaga! Kamata hapo! Usiachilie, nasema usiachilie! Haya, achilia! Tena, na nguvu, kama vile unaponda sombe mu kinu!"

"Nimekanyaga, mukwe! Nimekamata!"

Gurudumu kwa gurudumu, mpaka mafuta ikatoka bila hewa na pedale ikakuwa ngumu. Tukashuka. Freni ilivuta upande mumoja, lakini ilikamata. Niliogopa kila kona.

Ku hopitali mutoto alitoka na kamba imemuzunguka shingo. Kimya. Wakamusugua mugongo, wakamusugua, akalia. Muzalishaji akaniambia: "Papa, mungekawia kidogo tu..."

Nikapiga magoti mbele ya mama-mukwe, macho chini. Hakukuwa mutu wa kupitishia maneno.

"Mama, unisamehe. Nilikupigia makelele. Nitaleta mbuzi ya haya, ya kulipa hiyo kosa."

Akaniinua kidevu na mukono wake, tukaangaliana.

"Ulete, tutakula. Ungenyamaza, leo tungekula ya matanga."

Nikalia pale mbele yake, na hakugeuza uso.