Nimefika shuleni kwa mwanangu, mwalimu ananiuliza: "Mama, si umepooza?"

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, vijana mambo zenu.

Mimi humu ni msomaji tu, kuandika sijazoea. Ila hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa. Naandika nimeshaswali, sina sababu ya kuongeza chumvi.

Nina miaka arobaini na nne. Nauza madira na mitandio Kariakoo, naishi Buguruni, vyumba viwili vya kupanga. Mume wangu alishatangulia mbele ya haki. Nina mtoto mmoja, nimwite Shafii, miaka kumi na saba, yuko form four. Mwaka wa mtihani.

Na hili niliseme maana linahusika. Mimi form four nimeipata ukubwani, masomo ya jioni, mchana niko kwenye biashara na tumbo la huyo huyo Shafii. Kwa hiyo kila nikimkuta kalala na simu, naanza: mimi nilisoma na mimba, miguu imevimba, wewe unakula, unalala, unashindwa nini?

Shule vipi? "Freshi, mama."

Mock vipi? "Hawajatoa, mama."

Basi. Jumanne moja akasahau picha zake za passport mezani, na jana yake alisema shule wanazitaka. Nikaona nizipitishe mwenyewe kabla sijafungua biashara.

Nikaelekezwa kwa mwalimu wa nidhamu, madam mmoja mtu mzima, mpole tu. Nikasalimia, nikajitambulisha: mama yake Shafii wa form four B.

Madam akaweka kalamu chini. Akanitazama miguu. Akanitazama mkono wa kushoto.

"Mama Shafii? Umepona?"

"Nimepona nini, mwalimu?"

"Si umepooza upande? Mbona tunakuombea dua paredi kila Ijumaa?"

Wakuu, nilishika meza.

Mimi! Naamka saa kumi alfajiri, mzigo wangu nabeba mwenyewe, halafu watoto wa watu wanamuomba Mungu ninyanyuke kitandani!

Madam akafungua daftari la wazazi. Shafii kaitiwa mzazi mara tatu mwaka huu. Mock ya hesabu kapata tisa. Tisa kwa mia. Vipindi vya jioni haonekani. Na mara zote tatu "baba mdogo" wake kaja, kakaa, kasikiliza, kasaini, kaacha namba ya simu.

Marehemu mume wangu hakuwa na mdogo wa kiume.

"Na barua hii hapa," madam akasema. "Shafii akae nyumbani, aje siku za mtihani tu. Baba yake mdogo anakuja kusaini Ijumaa."

Yaani nilikuwa nimebakiza siku tatu mwanangu atolewe darasani, mzazi kakubali, na mzazi mwenyewe si mimi.

Nikatoa simu niipige ile namba. Sijamaliza kuiandika, simu ikaleta jina.

DULLA WINGA.

Kwa mlioko mikoani, winga ni wale vijana wanaosimama barabarani Kariakoo. Anakudaka mteja, "karibu dukani kwangu, dada", kumbe duka si lake, akikufikisha kwa mwenyewe naye anapata chochote. Dulla ananiletea wateja miaka sita. Jana yake tu alikuwa kakalia ndoo yangu, anakunywa chai yangu, ananiambia, "Mama Shafii, leo umependeza."

Nilikwenda moja kwa moja Kariakoo, nikamkuta anavuta mteja. Nikamwambia hapo hapo mbele za watu, "Shemeji, za tangu nipooze?"

Rangi ilimtoka. Wenzake wakaanza, "Dulla, umeoa lini?" "Mahari ulitoa mitumba?"

Nikamvuta pembeni.

"Wallahi mama, mara ya kwanza dogo alininunulia chipsi mayai, akaniambia kaa tu, itikia. Hizo nyingine nimeenda bure, namuonea huruma. Nimemwambia sana amwambie mama. Akasema bora afukuzwe."

"Bora afukuzwe kuliko nini?"

Akaangalia chini.

"Kuliko kusikia tena habari ya ile mimba."

Nilirudi Buguruni mchana, biashara sikufungua.

Shafii alipoingia akanikuta nimekaa na fimbo. Ndiyo, nilishaitafuta. Ila nikaona nimuulize kwanza.

"Hesabu sielewi tangu form two, mama. Kila nikitaka kukwambia, unaanza kuhadithia ulivyosoma. Nikwambie mimi ninayelala na kula nimepata tisa?"

"Na kupooza?"

"Walisema lazima mama aje. Nikakosa uongo mwingine."

Sasa wakuu, hapa ndipo nilipojishangaa mwenyewe kuliko nilivyomshangaa yeye.

Kuna kitu sijawahi kumwambia mtu. Ule mtihani wangu wa masomo ya jioni, mara ya kwanza hesabu nilipata F. Nilirudia mwaka uliofuata, nikapata D ya kuhurumiwa. Miaka yote namhadithia mwanangu mimba na miguu iliyovimba, F nimeifungia kwenye sanduku.

Nikaenda kuitoa ile karatasi ya matokeo. Nikampa.

Aliisoma mara mbili. "Mama, ulifeli?"

"Nilifeli."

Akacheka. Halafu akalia, mwanaume mzima ana ndevu. Na fimbo niliivunja mwenyewe.

Alhamisi tukaenda shule watatu: mimi, Shafii, na Dulla kwenye shati la kuazima. Nilitaka aseme kwa mdomo wake.

Akasema. Madam kakunja uso, akapekua daftari kuandika maelezo, mara akasimama kwenye ukurasa mwingine.

"Hii namba si ndiyo ya mjomba wa kijana mmoja wa form four A?"

Dulla akavuta kola ya lile shati la kuazima.

"Wewe! Unao wangapi hapa shuleni?"

"Wanne, madam."

Subhanallah. Watoto wa kiume wanne, wote mwaka wa mtihani, mzazi wao mmoja, na hata hajaoa!

Madam alipotaka kuita mlinzi, nikaomba niseme. Nikamwambia mwalimu, mnaita wazazi saa nne asubuhi. Saa nne Kariakoo ndiyo wateja wa mikoani wanafunga mizigo yao. Mtoto akimwambia mama "mjomba ataenda", mama anashukuru Mungu.

Madam akafunga daftari. Kisha akasema taratibu, "Na sisi tumeambiwa mama kapooza, hakuna aliyekuja hata kumjulia hali."

Barua sikusaini. Tulielewana hivi: Shafii anabaki darasani, vipindi vya jioni akikosa kimoja barua inarudi mezani. Mimi kila Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko getini, naangalia daftari lake, nasaini kwa mkono wangu. Wazazi wa wale watatu waliitwa muda huo huo wa asubuhi, wakaja wote. Baba mmoja alitaka kumrukia Dulla, ikabidi tumshike. Mwalimu wa hesabu kawachukua wale wanne, kawarudisha mpaka mada za form two, bila kuwacheka.

Mtihani haujafika bado, sitawadanganya kwamba mambo yameisha.

Ila juzi narudi kutoka kazini, sijavua hata mtandio, Shafii akanishikisha karatasi ya jaribio la hesabu. Sikuwa nimemuuliza.

Ishirini na sita.

Bado ni F. "Mama, nikueleze nilipokosea?" Nikamwambia nieleze. Tukakaa mpaka adhana ya isha, nusu ya vitu mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Nilichojifunza: nilidhani namtia mwanangu moyo, kumbe nilikuwa nafunga mlango kwa ndani. Watoto wetu wa kiume hawasemi, na sisi tunaongea sana. Mzazi mwenzangu, usisubiri kuitwa. Nenda shule, omba daftari, angalia saini ni ya nani.

Walimu mliomo humu, na wazazi wenye vijana wa umri huu, mnafanyaje? Nipeni maoni yenu, hata ya kunisema nayapokea. Ila mkimtafuta Dulla, mwacheni, adhabu yake nimempa mimi: kila Jumamosi anawapeleka wale wanne tuisheni, na anakaa nao humo humo mpaka iishe.