Limau la Mzee Yakobo

Sisi tuliokulia Sanyuanli, Guangzhou, wakati wazazi wetu wakijaza makontena, tulijua kuomba msamaha ni kazi. Hatukuwa na simu za kutuombea.

Jirani yetu Mzee Yakobo, mnunuzi wa jeans, alikuwa Myahudi mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kilinyooka kuliko chetu. Kila mwaka, joto lilipoanza kupungua, alipita mlango kwa mlango akiomba radhi kabla ya siku yao kuu ya kufunga na kutubu. Siku chache baadaye alijenga kibanda cha mianzi cha sikukuu yao ya vibanda juu ya paa la jengo letu, akakiezeka matawi machache ili mbingu ionekane. Watoto tulicheza kombolela humo, kukinukia majani mabichi na supu ya kuku.

Nilipokuwa na miaka tisa, nililikuta kwenye meza ya kibandani limau kubwa limelazwa kwenye boksi kama kichanga. Nikalikata, nikalichovya kwenye chumvi na pilipili. Lilikuwa ganda tupu, halina maji. Baadaye nikasikia ndilo tunda la ibada yao, limeletwa kwa ndege, na sikukuu imebakiza siku nne kuisha.

Nililia kwa hesabu zangu za kitoto: siku ya kusamehewa imeshapita, kwa hiyo nitakaa na kosa langu mwaka mzima, na kibandani siingii tena. Mama, mlokole wa Moshi asiye na subira, akasema, "Ukimaliza kulia, kagonge."

Mzee Yakobo hakunirahisishia. "Umefanya nini? Taja."

Nikataja yote, hadi pilipili.

"Leo nimekasirika, binti yangu. Rudi kesho."

Nikarudi, nikamuuliza kama nimechelewa.

"Siku ile ni ya kujifunzia," akasema. "Kazi yenyewe ni mwaka mzima." Akanisogezea kiti kibandani.

Nilidhani ananibembeleza. Lakini miezi baadaye, pasipo sikukuu yoyote, aligonga kwetu asubuhi. Alikuwa amemsengenya Mama kwa bosi wa kiwanda cha jeans kule Xintang, na neno lenyewe alilitaja mbele yangu, masikio yamemwiva. Mama akamwambia arudi kesho.

Leo kizazi chetu, na wadogo zetu waliozaliwa na simu mkononi, hutubu kwa mkupuo: ujumbe mmoja wa Desemba, "kama nimekukosea nisamehe", kwa wakwe, fundi bomba na marehemu ambao namba zao hazijafutwa. Eti kama! Mwaka jana ulinifikia kutoka kwa rafiki yangu wa utotoni, aliyenitenda jambo analolijua vizuri. Nikamjibu: "Kwa lipi? Taja."

Akanitumia picha ya ua la waridi. Nami, kama mjinga, kesho yake nilishinda nyumbani nikisikilizia mlango.