Kaunti Mia Moja za Rangi ya Kijani

Nikisikia harufu ya kalamu nene ya rangi, ile kali inayopanda hadi kwenye paji la uso, najiona tena Haltom City nikiwa na miaka kumi na mmoja, nimelala kifudifudi sakafuni, napaka kaunti za Texas rangi ya kijani.

Niwaambie ukweli, nilikuwa mtoto wa kuchosha. Rangi ikivuka mpaka wa kaunti hata kidogo, naanza upya. Na kwa kuwa wazazi wangu walikuwa bado wanahangaika na Kiingereza, barua zote za nyumbani nilizisoma mimi.

Mwaka ule Papa aliitwa mahakamani kula kiapo cha uraia. Tulikuwa tumeingoja barua ile kwa miaka, maana akishakuwa raia angeweza kumwombea bibi yangu, aliyebaki kambi ya wakimbizi Tanzania, ruhusa ya kuja Marekani. Juu kabisa iliandikwa Wilaya ya Kaskazini ya Texas. Nikataka kujua wilaya hiyo ni kitu gani. Nikatafuta peke yangu, nikakuta kaunti mia moja, kutoka kwetu hadi Amarillo na kuipita, mwendo wa zaidi ya saa tano kwa gari. Nilipaka zote. Sasa kitu kikubwa hivyo, makao yake yako wapi?

"District iko na chef-lieu moja tu," Papa alisema. "Hata kwetu Fizi, kule Congo, territoire ni kubwa, lakini bureau ni moja."

Shangazi yangu wa DeSoto alikuwa ameapa Dallas mwezi uliotangulia, na barua yake ilikuwa na kichwa kilekile. Nililinganisha vichwa viwili herufi kwa herufi, nikatangaza kwamba ni Dallas. Anwani iliyokuwa chini sikuilinganisha. Kichwa kilinitosha.

Siku ya kiapo, mlinzi wa mahakama ya Dallas aliisoma barua, akatutazama kwa huruma. Wilaya ni moja, alisema, lakini imegawanywa kanda saba, na sisi wa kaunti ya Tarrant kiapo chetu kiko Fort Worth. Yaani karibu na kwetu, tulikotoka asubuhi.

"Sasa huyu mtoto alisoma nini?" Mama aliuliza.

"Ni mimi nilichanganya njia," Papa alisema. "Mwache."

"Papa, I checked," nilinong'ona ndani ya gari.

"Najua ulicheki. Funga mkanda."

Tulifika Fort Worth watu wakitoka na vibendera mikononi. Tukaambiwa tusubiri barua nyingine.

Ilipofika, nilijificha chumbani. Papa akanifuata, akaniwekea bahasha mapajani. "Soma, secrétaire yangu."

Niliifungua. Gundi ilikuwa bado inanata, nikadhani ni joto. Nilisoma anwani mara nne.

"Ni Fort Worth, Papa."

"Uko sure?"

"Niko sure."

Akashusha pumzi kama mtu aliyeletewa habari mpya, na safari hiyo akaapa.

Mwaka jana, nikiwa ofisini, nilifungua bahasha niliyokuwa nimeibandika dakika chache tu kabla, nihakikishe tena kilichomo. Gundi ikaninata vidoleni, nami nikaelewa. Ile barua ya pili ya Papa ilikuwa imeshafunguliwa kabla ya kunifikia. Kuna mtu alikuwa ameshamsomea, labda kule ghalani alikofanya kazi, kisha Papa akaifunga upya na kuniletea, ili safari hii nisome mimi, nisome sawasawa.