Pampu Yangu Siifichi Tena

Nakumbuka siku ya kupura maharage kwa bibi yangu, juu kidogo ya Ngaramtoni, nilipokuwa kidato cha pili. Mwanangu (vumilia nikuite hivyo, ingawa nina miaka kumi na saba tu, pumu huzeesha kifua kabla ya nywele), mimi mdomoni ni mwoga. Naongea vizuri kwenye daftari.

Adui zangu wana zamu mwaka mzima: ukungu wa Julai unaoshuka Meru, vumbi la Septemba, maua baada ya mvua. Nilijua maganda ya maharage yangenikaba. Hata hivyo pampu yangu ya dawa niliiacha chini ya godoro, kwa sababu shangazi alishasema, "Ukiizoea hiyo huachi tena. Ni ya watu wa mwisho mwisho." Na binamu zangu wakisikia kifua kinapiga mluzi, walipiga kelele, "Injini imewaka!"

Basi nikashika fimbo, nikapura kuliko wote. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kikaanza kikohozi, ukaja mluzi, halafu hata mluzi ukakata. Nikapiga magoti juu ya maharage, natafuta hewa siipati. Bibi akatupa ungo.

"Iko wapi?"

Nikalaza shavu kwenye kiganja, kama mtu aliyelala. Akaelewa, akakimbilia chumbani mwenyewe na magoti yake mabovu.

Akarudi nayo, nikavuta. Pumzi iliporudi, sikupewa pole. "Shikamoo, marehemu," akaniambia.

Shangazi akadakia, "Mama, mimi nilisema hizo dawa..."

"Nyamaza! Mchungaji wetu kanisani anavaa miwani. Umewahi kumwambia avue, ataizoea?" Watu wakaangua kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Kisha akanigeukia: "Kifua ni chako. Hiyo aibu umeazima kwa nani?"

Mwaka uliofuata shangazi akataka nibaki jikoni. Jikoni, kwenye moshi wa kuni! Nikakataa. Nilitoka na kitenge puani, pampu shingoni kwa kamba ya kiatu, nikasimama upande upepo unakotokea, nikajaza magunia.

"Injini!" binamu akaita.

"Ndiyo, na ina mafuta," nikajibu. Sauti ilitetemeka, lakini ilitoka.

Sasa wewe unayeanza kidato cha kwanza na pampu umeichimbia ndani ya soksi, itoe. Kama umepewa mbili, ile ya kila siku ivute hata ukijiona mzima, kama daktari alivyokuagiza. Ile ya kukuokoa kifua kikibana usiiache nyumbani hata siku moja. Mwambie mwalimu, mwambie na unayekaa naye dawati moja. Zamu ya kufagia ikifika, sema wewe utachota maji. Huo si uvivu, ndoo nayo ni nzito. Wakicheka, waache. Kicheko chao hakijawahi kumpa mtu pumzi.

Mungu akupanulie kifua, mwanangu. Baridi ikukute umevaa, vumbi likukute umejiandaa, nawe uishi hadi uwachoshe wajukuu kwa maneno.