Robota Lililofungwa Vizuri

Kaka yangu alinunua beila ya mtumba, mashine ya kufunga nyasi, bila kumwuliza mtu. Ilipofika kwetu Theta ikiburutwa nyuma ya trekta la kukodi, mama aliizunguka akasema inafanana na tangi la maji lililoanguka. Kabla ya hapo nyasi za ng'ombe tulizifunga kwa sanduku la mbao. Unajaza nyasi, mtu mzito anapanda anazikanyaga, unapitisha kamba, unafunga, unalitoa robota. Mtu mzito alikuwa mimi, na hakuna aliyewahi kunitaka radhi. Kwa hiyo mimi niliipokea mashine kwa mikono miwili.

Mwaka huo haukuwa wa mzaha. Shamba tulilozoea kukodi kwa ajili ya nyasi lilikuwa limeuzwa na kupigwa vigingi vya ploti. Mnunuzi alituruhusu tuvune mara ya mwisho kabla hajashusha mawe ya kujengea. Zizini tulikuwa tumebaki na ng'ombe mmoja tu, mwenye mimba, kitukuu wa yule ambaye maziwa yake yalitusomesha. Mama alikuwa ameapa hatamwuza. Nyasi zile zikipatikana, ng'ombe angezaa na kuvuka kiangazi na ndama wake. Zikikosekana, hatukuwa na shamba lingine la kukimbilia.

Tulizikata, tukazigeuza juani, zikakauka vizuri. Siku ya kufunga, anga ya upande wa Thika ilianza kununa mapema. Kaka alipitisha mashine juu ya mstari wa kwanza, nayo ikazimeza nyasi, ikazizungusha tumboni mpaka ikajaa. Hapo ndipo kamba ilipaswa kuingia, ilizunguke robota, kisha ikatwe. Mlango wa nyuma ulipofunguka, kilichotoka ni rundo legelege lililosambaratika pale pale, kama mtu aliyekatikiwa na mshipi hadharani.

"Kamba iko wapi?" niliuliza.

"Usiniulize kitu hata mimi naona," kaka alinijibu.

Nilimlazimisha azime trekta kabla hajagusa chochote. Nawajua watu waliosukuma kamba kwa vidole mashine ikizunguka, na leo wanakusalimia kwa mkono wa kushoto. Alizima huku akinung'unika, akaanza kukagua. Bonge la kamba lilikuwa linafunguka kutoka ndani, kama inavyotakiwa. Aliifuata kamba tundu kwa tundu hadi kwenye mkono wa chuma unaoipeleka kwenye nyasi. Hakukuwa na tundu lililorukwa. Kisu kilikuwa kikali. Springi inayoibana kamba aliilegeza, tukapata rundo jingine. Akaikaza, rundo jingine tena. Mwishowe alimpigia simu fundi mmoja wa Thika, akaweka spika.

"Boss, hiyo kamba huvutwa na roller mbili za rubber," fundi alisema. "Hebu zishike. Zinateleza?"

Kaka aliingiza mkono, akautoa. Vidole vilikuwa vyeusi.

"Kuko na oili huku. Oili imetoka wapi?"

Mama, aliyekuwa ametuletea chai, alitutazama kana kwamba sisi ndio tuliopungukiwa. "Si ni mimi nilipaka hiyo kamba oili chafu? Panya wa hiyo stoo hamuwajui? Wangemaliza yote."

Kwetu oili iliyomwagwa kutoka kwa injini hupakwa kila kitu tunachotaka kidumu: vigingi vya ua, mbao za zizi, hata mlango wa choo, ili mchwa wasiguse. Kwa akili za kwetu mama hakuwa amekosea. Lakini kamba aliyoitunza hivyo ilikuwa ikiteleza kati ya zile roller bila kwenda popote. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikatazama juu, na kicheko kikaniishia.

Kaka alipanda bodaboda kwenda Thika kutafuta kamba safi. Mama na mimi tulibaki tukisugua roller kwa matambara na sabuni ya unga. Hajarudi, manyunyu yakaanza. Hata mvua ya maana haikuwa, ni yale manyunyu ya kuudhi yanayolowesha bila kujaza ndoo. Mama aliweka mikono kichwani akaomba kwa sauti. Mimi sikuomba. Nilikuwa nimemkasirikia Mungu, na nilitaka ajue.

Kaka aliporudi jua lilikuwa limechungulia tena. Tuliweka kamba mpya, tukaacha mkia mrefu ukining'inia mbele ya roller kama fundi alivyoelekeza. Mashine ikajaa. Mkono wa chuma ukasogea, kamba ikashika nyasi, ikazunguka na kuzunguka, ikakatwa. Mlango ukafunguka na robota likabingirika nje likiwa zima, gumu, la duara. Mama alipiga vigelegele kana kwamba kuna mtoto amezaliwa.

Kaka alikunja nyasi mkononi. "Mum, hizi ziko na maji kidogo. Tungoje kesho?"

"Kesho ya nani? Kesho wanaleta mawe hapa. Funga, zitakaukia stoo. Si huwa zinakaukia huko miaka yote?"

Na kweli, zilikuwa zikikaukia huko. Robota la sanduku ni dogo na limelegea, upepo hupita ndani yake. La mashine hakuna kati yetu aliyewahi kuishi nalo. Tulifunga mpaka shamba likabaki na vigingi vyake tu, tukarudi nyumbani tukiimba nyimbo za kanisani.

Kiangazi kilipoingia mama alikata kamba ya robota la kwanza kwa panga. Nje nyasi zilikuwa nzuri. Ndani zilikuwa za kahawia, zimeungua kwa joto lao zenyewe, na vumbi la ukungu likatupanda puani. Tulifungua mengine; yote yalikuwa hivyo. Tangu hapo kila asubuhi mama aliketi kwenye kiti chake kifupi akichambua, unyasi safi huku, mbovu kule. Macho yake hayakuwa tena ya kazi hiyo.

Ng'ombe alitupa mimba asubuhi moja mama akiwa pale pale kitini. Daktari wa mifugo aliyekuja kutoka Ruiru alisema hawezi kuapa, ila ukungu huleta mambo hayo. Ndama alikuwa ameshaota manyoya. Kaka alimzika nyuma ya zizi. Nilipogeuka, mama alikuwa amerudi kwenye zile nyasi.

"Mum, wacha hiyo kazi," nilimwambia. "Imetosha."

Hakuinua kichwa. "Na huyu amebaki, atakula nini?"

Nilivuta ndoo, nikaketi kando yake, nikaanza kuchambua.