Jina Pembeni ya Mstari

Saa tatu asubuhi, chai imeshapoa, na Mama Maelezo bado anapigana na sentensi moja. Anaandika, anafuta, anaisoma kwa sauti, anaguna.

"Hii imemponza mtu," anasema bila kuinua macho.

Kazi yake ni kuandika miongozo ya programu za kompyuta, ndiyo maana ofisi nzima inamwita hivyo. Wiki hii yuko kwenye chombo kinachotunza kila badiliko ambalo wenzake wanalifanya kwenye programu. Kina sehemu inayoweka jina la mtu pembeni ya kila mstari. Mwongozo wa zamani ulisema jina hilo ni la aliyeuandika mstari. Si kweli. Ni la mtu wa mwisho kuugusa, hata kama alisogeza nafasi tupu tu bila kubadili neno.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Kuna kijana wanayemtania Fagio, maana hawezi kuona mistari imekaa shaghalabaghala akanyamaza. Aliipanga yote, jina lake likatapakaa kila mahali. Juzi programu ya tiketi ilipokwama, bosi akaona jina, akampa hadi leo mchana ajieleze au afungashe virago.

"Nilimwambia nilipanga tu," Fagio ananiambia kwenye korido. "Akasema, 'Mwongozo huu hapa, soma mwenyewe.' Hata mke wangu sijamwambia."

Inauma, jamani. Mtu anafagia, anaambiwa uchafu ni wake.

Saa sita kasoro, Mama Maelezo anabeba kompyuta hadi kwa bosi. Sentensi mpya inasomeka hivi: "Jina hili ni la mtu wa mwisho kuugusa mstari, huenda si yeye aliyeuandika. Tazama mabadiliko ya nyuma."

Bosi anatazama ya nyuma. Kosa ni la mzee mmoja aliyestaafu zamani, wakamuaga kwa keki na hotuba.

"Haya, yaishe," bosi anasema, kisha anatoka kumwomba Fagio radhi mbele ya watu.

Akirudi mezani kwake, Mama Maelezo anapanga kuandika sura nyingine, ya kukielekeza chombo kiruke mabadiliko ya usafi. "Ila ninachotaka zaidi ni mdogo wangu huyu arudi kupanga," anasema. "Tangu juzi hajagusa kitu. Anaogopa."

Fagio amesimama mlangoni. "Dada, jina langu si litajaa tena?"

"Lijae," anamjibu, akimvutia kiti. "Anza na hilo faili la tiketi."