Ukumbi Usio na Kiziwi

Mimi ni wifi yake, na kila mtu anajua mawifi hatuna tabia ya kusifiana. Kwa hiyo nikisema huyu mwanamke ana moyo, niaminini. Na nikisema alinikera mpaka nikatamani kumzaba kibao, niaminini zaidi.

Mtaani wanamwita Mikono. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, ni kiziwi tangu kuzaliwa, na Mikono alijua kuongea kwa vidole kabla ulimi wake haujakaa sawa. Akiwa na miaka sita alisimama katikati ya mama yake na mwenye nyumba akiwatafsiria, na matusi ya mwenye nyumba akiyapunguza makali njiani. Akiwa na miaka kumi alimpeleka mama kliniki na kumweleza daktari mambo ya kikubwa ambayo mtoto hapaswi hata kuyasikia. Alipokua akaisomea kazi hiyo hiyo, akapata cheti, akawa mkalimani wa lugha ya alama. Mama mkwe alikitundika kile cheti ukutani juu ya kitanda chake, na kila asubuhi anakifuta vumbi ingawa hajui kusoma.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Mkutano, Mikono. Semina, Mikono. Uzinduzi wa choo cha shule, Mikono. Siku hizi kila mwenye kipaza sauti anataka mtu wa kupunga mikono pembeni yake, maana picha inatoka vizuri. Naye neno "hapana" halijui kwa ulimi wala kwa vidole. Wanamwambia, "Dada, bila wewe shughuli haiendi," naye anaamini. Punda afe, mzigo ufike! Jioni anarudi vidole vimevimba, anavitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto, na mama yake anakaa mbele yake kwenye kigoda, anasubiri kuongea. Mchana kutwa pale nyumbani ana mimi tu, na mimi, miaka tisa ndani ya nyumba hii, najua alama zisizofika thelathini: kula, lala, njoo, mvua, inauma. Naona haya kulisema hilo, lakini ndivyo ilivyo. Mikono anatoa mkono mmoja kwenye maji, anamwambia mama yake: kesho. Mama anaitikia kwa kichwa, anaenda kulala.

Kesho gani hiyo isiyofika? Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Huyu alikuwa akicheza kwa watu tu. Nilikuwa nakasirika mpaka chakula hakipiti.

Sasa jambo lenyewe ni hili. Jicho la kushoto la mama lilikufa zamani kwa ugonjwa. Mwaka huu la kulia nalo likaanza kuingia ukungu, mtoto wa jicho. Kwako wewe na kwangu mimi, jicho ni jicho. Kwa mama mkwe jicho ndilo sikio, ndiyo simu, ndiye jirani wa kupiga naye soga. Alikuwa keshafika mahali anaongea na mtu akiwa dirishani tu, kwenye mwanga. Daktari wa macho alisema anaweza kulisafisha, ila baada ya hapo litafungwa bandeji hadi kesho yake. Yaani mtu akae saa ishirini na nne bila kuona wala kusikia. Mama alikubali kwa sharti moja: binti yake awepo, wapangiane kwanza alama za kugusana mkononi, na akishafungwa jicho, mkono wake usiachwe. Lilikuwa sharti la haki kabisa.

Miadi ya kwanza, Mikono aliitwa kwenye kongamano. Ya pili, kwenye mahafali. Mara zote mbili mama alivua nguo za hospitali, akavaa zake, tukarudi nyumbani. Daktari akatuambia ya tatu ndiyo ya mwisho. Yeye anahamishwa, na mwingine haijulikani atakuja lini. Mume wangu, kaka yake Mikono, ni dereva wa malori, wiki tatu kati ya nne yuko barabarani. Alipiga simu akamwambia dada yake, "Siku hiyo usije ukaniangusha." Mikono akaapa kwa jina la Mungu.

Siku ikafika. Saa mbili asubuhi tumeshakaa kwenye benchi la hospitali, mama kavaa gauni la kijani lenye kamba mgongoni, Mikono hayupo. Ujumbe ukaingia: "Wifi, wameniita ghafla, hapo ukumbi wa ng'ambo. Nusu saa tu. Mshike mama." Saa tatu. Saa nne kasoro. Muuguzi akaja na orodha yake, akasema mama ndiye anayefuata baada ya mzee aliyemo ndani. Akikataa, anaingia mwingine. Nikajaribu kumweleza mama kwa alama zangu za kuokoteza. Akanitazama kwa lile jicho la ukungu, kisha akaanza kuitafuta kamba ya gauni ili avue.

Nikamshika mikono. Nikamwomba muuguzi akae naye, nikatoka mbio, nikavuka barabara. Juu ya mlango wa ukumbi walikuwa wametundika kitambaa kirefu kilichoandikwa HAKUNA ATAKAYEACHWA NYUMA. Nikasema moyoni, leo mtanitambua.

Ndani kulikuwa na watu kama mia mbili, chupa za maji, feni zinazunguka. Mheshimiwa anasoma hotuba juu ya haki za viziwi, na pembeni yake wifi yangu anapunga mikono. Nikaangalia safu ya mbele, ya kati, ya nyuma. Wote wanamtazama mheshimiwa au simu zao. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akiitazama mikono ya Mikono. Ukumbi mzima hauna kiziwi! Mwanamke anavunja vidole vyake kuwatafsiria watu wenye masikio mazima, na mwenye haja yuko ng'ambo ya barabara anavua gauni.

Nilitaka kupiga kelele, lakini walinzi wangenitoa. Nikanyanyua mikono juu, nikasema kwa alama kama nilivyojaliwa: Mama. Hospitali. Anaogopa. Njoo.

Weee! Msichana wa mapokezi akaniona, uso ukamchanua. Kiziwi kapatikana! Akanishika mkono kwa heshima zote mpaka kiti cha mbele, akaniwekea chupa ya maji, na mpiga picha akaja akanipiga picha tatu. Nikamwambia yule msichana, "Dada, mimi nasikia." Akatabasamu, akanipungia mikono, maana alishaamua mimi ni kiziwi na hakuona sababu ya kunisikiliza.

Jukwaani mikono ya Mikono ilikuwa imesimama. Hotuba inaendelea, yeye kanikazia macho. Kisha akaugeukia ukumbi, akauliza kwa alama, polepole, hata mimi nikaelewa: Nani hapa ni kiziwi? Hakuna mkono ulioinuka. Akauliza tena. Mmoja akapiga makofi, na wengine wakafuata.

Akashuka. Mratibu wa shughuli akamkimbilia kwenye ngazi, jasho linamtoka.

"Dada, unaenda wapi? Mheshimiwa hajamaliza!"

"Aendelee tu," Mikono akasema, na sauti yake ikafika hadi nyuma. "Humu wote mnasikia."

Nilikuwa na maneno yangu ya miezi, makali, nimeyapanga vizuri. Tulipokuwa tunavuka barabara nikayameza, maana alikuwa analia.

Mama alikuwa bado kwenye benchi, muuguzi kamshika bega. Alipomwona binti yake hakutabasamu. Alifumba jicho. Wenye masikio hatulijui tusi hilo: kiziwi akikufumbia jicho amekufungia mlango, na huna pa kubisha. Mikono akapiga magoti sakafuni, akauchukua mkono wa mama yake, akaanza kuongea ndani ya kiganja. Alisema nini sijui, hakunitafsiria, na sikuuliza. Ilichukua muda mrefu. Yule mzee aliyekuwa ndani alikuwa keshatolewa, na muuguzi keshaita mara mbili, ndipo mama alipofumbua jicho. Wakapangiana alama zao: kugonga mara moja ni "nipo", kusugua ni "kuna mtu anakuja", kubana ni "usiogope". Nikasema, "Na mimi nifundisheni." Mama akanifundisha mwenyewe, na nilipokosea akanipiga kofi mkononi.

Alasiri alikuwa amelala chali, bandeji jichoni, mikono yake ikiongea ndani ya mikono ya binti yake bila kupumzika. Mambo ya miezi yote yalikuwa yanatoka: jirani aliyehama bila kuaga, ndoto, goti, na chumvi nyingi ninayotia kwenye mchuzi, hilo nililielewa bila mkalimani. Simu ya Mikono ikatetemeka kitandani. Ikatetemeka tena. Mama akaihisi kwenye godoro, akauliza ni nini.

"Watu wa kazini," Mikono akamjibu kiganjani, huku akinitafsiria kwa mdomo.

Mama akauliza tena, "Nao ni viziwi?"

"Hapana, mama."

"Basi wana watu wengi wa kuongea nao."